Migomba juu ya matumbawe: mwongozo kamili wa kupanda, kutunza na kupika ndizi Mombasa

Kabla hujanunua mche wowote, chukua mtalimbo uende nao uani. Pale unapotaka mgomba usimame, udunge chini mara tano sita, kila mara ukisogea hatua moja, na usikilize. Ukizama futi mbili kimya kimya, hapo panafaa. Ukigonga mpaka mkono ukafa ganzi, umefika kwenye jiwe la matumbawe, na hilo ndilo litakaloamua kama utakula ndizi zako au utaendelea kuzinunua soko la Kongowea.

Naanza na mtalimbo kwa sababu mimi nilianza bila huo. Migomba yangu mitatu ya mwanzo, hapa Kisauni, niliichimbia vishimo vya futi moja nikaimwagilia maji ya kisima kila jioni kwa moyo mmoja. Ikashika, ikatoa majani, kisha kingo za majani zikaungua kana kwamba mtu amezipitishia kiberiti. Baada ya mwaka na nusu mmoja ulizaa mkungu wa chane tatu, ndizi zenyewe kama vidole gumba. Joto halikuwa na kosa. Mgomba hukua vizuri zaidi kwenye nyuzijoto 26 hadi 30, na Mombasa tunazo karibu mwaka mzima. Yanayotushinda hapa ni mawili: udongo mfupi na maji ya chumvi. Ukiyamudu hayo, yaliyobaki ni kazi ya kawaida.

Na ndizi si ngeni kwetu. Ibn Battuta alipopita Mombasa mwaka 1331 alikuta watu ambao chakula chao kikubwa ni ndizi na samaki, nafaka wakiletewa kutoka kwingine. Leo mambo yamegeuka: ndizi ndizo zinazoletwa, kwa malori kutoka Taveta, Shimba Hills na bara. Naona uchungu nikikumbuka kwamba nyumba nyingi za mjini bado zina kipande cha ua nyuma ya bafu, na kipande hicho kinatosha migomba miwili au mitatu.

Udongo ulio nao

Mombasa haina udongo wa aina moja. Kisiwani, Nyali, Bamburi mpaka Shanzu, matumbawe yako karibu na juu yake kuna mchanga au udongo mwekundu usio na kina. Changamwe, Jomvu na Miritini utakuta udongo mzito wa mfinyanzi. Huo unashika maji vizuri lakini masika ukageuka ziwa, na mgomba ukisimama ndani ya maji siku kadhaa mizizi huoza. Huko panda juu ya tuta na uchimbe mfereji wa kutoa maji. Likoni na Mtongwe kuna sehemu zenye kina kizuri. Ukiwa huko, shukuru Mungu uruke aya mbili zijazo.

Wahenga walisema mgomba changaraweni haupandwi ukamea. Walisema kweli, ila hawakukataza kuitoa changarawe. Sehemu kubwa ya mizizi ya mgomba hukaa kwenye sentimita 40 za juu, na hutambaa kwa upana zaidi ya kwenda chini. Kwa hiyo huhitaji kisima cha udongo. Unahitaji sahani pana yenye udongo laini, uliojaa vitu vinavyooza. Mwenye shaka aende Haller Park pale Bamburi. Yalikuwa machimbo matupu ya matumbawe, bila hata kiganja cha udongo. Tangu 1971 ikapandwa mivinje, wakaletwa jongoo ili wayale majani yake makavu, na taratibu ukazaliwa udongo mweusi. Jongoo ukiwakuta chini ya migomba yako, waache wafanye kazi yao.

Jambo jingine la matumbawe: ni chokaa. Udongo wake umeegemea upande wa alkali, na mgomba hupenda udongo wenye asidi kidogo au wa wastani. Ukiona majani machanga yanageuka manjano huku mishipa yake ikibaki kijani, mgomba umekosa madini ya chuma; hata kama yamo udongoni, chokaa imeyafunga. Ndiyo maana ushauri wa bara wa kumwaga majivu mengi kwenye shina haufai kwetu. Majivu yana potashi, na mgomba unaipenda sana potashi, lakini pia yanaongeza alkali ileile inayotusumbua. Kiganja kimoja ndani ya mboji si kitu. Karai zima kwenye shina ni madhara. Dawa yetu ni samadi iliyooza, mboji na matandazo, mwaka baada ya mwaka.

Maji

Mgomba unataka kama milimita 25 za maji kila wiki. Kwenye eneo la mita mbili kwa mbili hizo ni lita 100, yaani mitungi mitano ya lita 20. Mvua ya masika, Aprili hadi Juni, huileta hiyo na kuzidi. Vuli ya Oktoba na Novemba nayo husaidia. Kasheshe ni Januari mpaka Machi, Kaskazi inapovuma na mbingu zikafungwa kabisa.

Maji ya kisima yaonje kwanza. Hapa mjini kisima cha jirani kinaweza kuwa na maji matamu na chako, hatua 30 tu upande wa baharini, kikawa na chumvi. Mgomba hauivumilii chumvi. Ulimi ukiihisi, usimwagilie kwa hayo maji peke yake wakati wa kiangazi; tumia mvua uliyokinga, na ya kisima yawe ya kuokolea tu. Bati la mita 50 za mraba likipata mvua ya milimita 10 hutoa kama lita 500. Mvua moja hiyo, nayo yatosha mgomba mmoja wiki tano.

Maji ya bafu ni hazina iliyosahaulika. Wazee walipanda migomba nyuma ya bafu, na hawakukosea. Elekeza mfereji upite karibu na shimo, usiingie moja kwa moja kwenye shina, na maji yaliyotiwa dawa ya kung'arishia nguo uyamwage kwingine.

Ndizi gani upande

Anza na tumbo la nyumba yako. Kwa kula mbivu, kisukari ni tamu kupita zote, ndogo, ganda jembamba, na watoto huimaliza chane moja kwa kikao kimoja. Ubaya wake ni kwamba hushikwa kwa urahisi na ugonjwa wa Panama, nitakaoueleza mbele. Kimalindi nayo ni ya kula mbivu na imezoea pwani. Kwa kupika na nazi hakuna kama mkono wa tembo: chane chache, ndizi kubwa kama mkono wa mtoto. Bokoboko ni nene, fupi, yenye pembe, na huvumilia ukame kuliko nyingi. Nampa mtu yeyote mwenye udongo mbaya aanze nayo.

Halafu kuna za kisasa kama Grand Nain na Williams, zinazouzwa kama miche ya maabara. Huzaa sana, mkungu wa kilo 20 hadi 35 ukitunzwa, na hazina urefu wa kutisha. Lakini ni walaji: zisipopata maji na samadi, kisukari cha kienyeji kitazishinda. Na ukitaka kuuza sokoni hapa, ndizi kubwa ya Grand Nain inatafutwa na hoteli. Mama wa mtaani anataka kisukari.

Kwangu mimi: mgomba mmoja wa kisukari, mmoja wa mkono wa tembo, na kama kuna nafasi ya tatu, bokoboko.

Kuchagua mche

Miche ya maabara husafishwa minyoo na magonjwa tangu mwanzo. Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta kule Juja kimezalisha miche hii kwa miaka mingi, na kwa upande wetu kituo cha Mtwapa cha KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, ndicho mahali pa kuuliza kuhusu mbegu na udongo wa pwani. Miche hii ni laini kama mtoto. Ikae kivulini wiki kadhaa mpaka ifike urefu wa futi moja ndipo iende shimoni.

Wengi wetu huomba chipukizi kwa jirani. Hakuna ubaya, mradi ujue la kuchukua. Machipukizi ni ya namna mbili. Moja lina majani membamba yaliyosimama kama upanga, shina lake nene chini na jembamba juu. Hilo limeshikamana na mama yake vizuri na lina akiba ya chakula. La pili lina majani mapana mapema, linapendeza macho, lakini shina lake ni jembamba tangu chini na mizizi yake haina nguvu. Chukua lenye upanga, kimo cha kiuno au chini kidogo, kutoka kwenye shina lililozaa mkungu mzuri na lisilo na jani la manjano lisiloeleweka.

Ukifika nalo nyumbani usilipande hivyohivyo. Keti chini na kisu kikali. Kata mizizi yote. Kisha limenye tunguu, lile tufe la chini, kama unavyomenya muhogo, mpaka ubaki weupe mtupu. Tazama kwa makini: ukikuta vijitundu vyenye ungaunga wa kahawia, hizo ni njia za funza wa fukusi, mdudu nitakayemweleza mbele. Zikiwa mbili tatu za juujuu, chonga uzitoe. Zikiwa zimeingia ndani, litupe hilo chipukizi mbali na shamba. Ukiona madoa mekundu au ya zambarau kwenye nyama yake, ni minyoo ya mizizi. Chemsha maji kwenye sufuria kubwa, yakitokota lichovye tunguu lote sekunde 30 tu, ulitoe. Ukizidisha utaliivisha. Maji hayo huua minyoo na mayai ya fukusi yaliyobaki, bila sumu hata tone. Liache lipoe kivulini na ulipande siku hiyo au kesho yake.

Shimo

Hapa ndipo nusu ya kazi. Chimba futi mbili kwa futi mbili, kina futi mbili. Penye matumbawe ongeza upana ufike futi tatu na ukubali kina chochote sururu itakachokupa, maadamu kisipungue futi moja na nusu. Udongo wa juu uweke upande mmoja, wa chini na mawe upande mwingine. Mawe usiyarudishe, yajengee ukuta mdogo kuzunguka shimo, udongo usichukuliwe na mvua.

Chini kabisa panga makumbi ya nazi, mgongo chini na tumbo juu. Yanafyonza maji kama sponji na kuyaachia polepole. Mimi sijui kitu kinachofanana nayo kwa pwani hii. Juu yake rudisha udongo wa juu uliochanganywa na madebe mawili ya samadi ya mbuzi au ng'ombe iliyooza kabisa. Samadi mbichi huchoma mizizi. Ukiwa nayo, ongeza gramu 200 za mbolea ya fosfeti. Mwagia maji, uliache shimo wiki mbili litulie na joto lipungue.

Kati ya shimo na shimo acha mita tatu. Kwa ekari moja hiyo ni migomba kama 450. Uani utashawishika kubana. Usibane, kila shina litazaa watoto na watataka mahali.

Siku ya kupanda, fukua katikati, weka tunguu lizame sentimita 20 hadi 30 chini ya usawa wa ardhi, fukia, shindilia kwa mguu, na uache kibonde kidogo kinachokinga maji.

Msimu wa kupanda

Wengi watakwambia panda mvua yoyote. Mimi naangalia upepo. Mgomba huchukua kama miezi 8 hadi 10 kutoa ua hapa kwetu, na kutoka ua mpaka kukata ni miezi mitatu, wakati mwingine minne. Ukipanda masika yanapoanza, ua litatoka Desemba au Januari na mkungu utajaa Kaskazi ikivuma. Ukipanda vuli, mkungu utakuwa mzito katikati ya Kusi, na Kusi ya Juni na Julai haina huruma: huingia kutoka baharini na kuung'oa mgomba wenye mkungu kama unang'oa mchicha. Kupanda masika kuna gharama yake, utabeba maji Januari na Februari. Lakini maji yanabebeka. Mgomba ulioanguka hausimamishwi.

Mama, mwana, mjukuu

Mgomba haukui kwa gogo lake. Lile gogo ni mashina ya majani yaliyokumbatiana tu; shina lenyewe liko chini, na likishapandisha ua halitoi jani tena. Elewa hili na utaelewa utunzaji wote. Majani yaliyopo siku ua linapotoka ndiyo yatakayoulisha mkungu mpaka mwisho. Yakiwa manane au zaidi, mazima, mkungu utashiba. Kwa hiyo samadi, maji na kupalilia ni mambo ya miezi minane ya kwanza. Anayekuja na debe la samadi baada ya kuona ua amechelewa.

Mpe kila mgomba debe la samadi masika na jingine vuli, ulisambaze kwa duara, nusu mita kutoka shinani. Matandazo yawe mazito: majani makavu ya mgomba wenyewe, nyasi, makuti yaliyochakaa, yasiguse gogo. Machicha ya nazi na mabaki ya samaki yapitishe kwanza kwenye mboji, la sivyo utawaita panya na siafu. Palilia kwa mkono au kwa panga la juujuu, kwani jembe linakata mizizi.

Kisha watoto. Kuanzia mwezi wa nne au wa tano machipukizi yatatoka kwa wingi, na moyo utakutuma uyaache yote ukidhani ni mikungu ya baadaye. Nami niliyaacha. Nikapata kichaka cha magogo tisa na mkungu mmoja wa kusikitisha. Acha moja tu, lenye majani ya upanga, upande usiozibwa na ukuta. Hilo ni mwana. Mwana akifikia nusu ya kimo cha mama, muachie naye mtoto mmoja. Huyo ni mjukuu. Watatu katika shimo moja, basi.

Yaliyobaki usiyakate juu ukaenda zako. Likate chipukizi usawa wa ardhi, kisha simama hapo ulitazame: baada ya muda si mrefu utaona kitovu cha katikati kinasukuma juu, cheupe na chenye maji, kimeuacha mkato nyuma. Kesho yake kimepanda kama kidole, na wiki ijayo una chipukizi lilelile. Dunga pale katikati kwa ncha ya kisu au chuma chembamba, uzungushe mpaka uhisi umefika kwenye tunguu, uvunje kile kiini. Hapo halirudi.

Majani yaliyokauka yaondoe kila mwezi. Jani la kijani usiliguse, hata kama jirani anataka la kufungia samaki. Mpe la mgomba uliokwisha kukatwa.

Ua, upepo na kunguru

Ua likishuka na chane zote za kike zikafunguka, litabaki lile fundo jekundu likining'inia. Livunje kwa mti wenye panda, bila kisu, likiwa na shingo ya kama sentimita 15 chini ya chane ya mwisho. Faida ni mbili: chakula kinakwenda kwenye ndizi, na wadudu wanaobeba mnyauko wa bakteria wanakosa mahali pa kutua. Mkono wa tembo mara nyingi hufika mwisho bila fundo hilo, usilitafute.

Siku hiyohiyo uweke tegemeo. Fito mbili za mvinje zilizofungwa mfano wa mkasi, zikiushika mgomba chini kidogo ya shingo ya mkungu, upande unaoinamia. Usingoje uone umeinama.

Kunguru wetu wanajulikana. Wanatoboa ndizi moja kwa kila chane na kuziacha zioze, na usiku popo humaliza kazi. Sehemu za Nyali na Shanzu kuna tumbili pia. Mimi naufunga mkungu kwa leso iliyochakaa, juu nimekaza, chini wazi hewa ipite. Chandarua kilichotiwa dawa ya mbu usikitumie kwenye chakula.

Magonjwa na wadudu

Fukusi ni adui wa kila siku. Ni mdudu mweusi mwenye mdomo mrefu, anatembea usiku, na funza wake hutoboa tunguu mpaka mgomba unaanguka wenyewe. Mtego wake ni bure: chukua kipande cha gogo bichi, futi moja, ukipasue katikati kwa urefu, ukilaze upande uliopasuliwa chini, karibu na shina. Siku ya tatu asubuhi mapema kigeuze. Utawakuta wamejibanza, wanajifanya wamekufa. Waokote uwatie kwenye maji ya sabuni. Rudia kila wiki kwa mwezi mmoja na utaona wanapungua.

Sigatoka nyeusi huchora mistari ya kahawia kwenye majani na kuyakausha kabla ya wakati, hasa masika. Katika upande huu wa Afrika ilionekana kwanza Pemba mwaka 1987. Mwenye migomba mitatu hahitaji dawa ya kunyunyizia: kata sehemu zilizokauka, acha nafasi ya hewa, lisha mgomba vizuri.

Ugonjwa wa Panama ndio wa kuogopwa. Majani ya chini hugeuka manjano kuanzia kingoni, yanavunjika shingoni na kuning'inia kama sketi. Ukikata gogo utaona nyuzi za rangi ya kutu ndani. Ni kuvu wa udongoni, hana dawa, na hukaa ardhini miaka mingi. Ng'oa, choma, usipande tena kisukari wala bokoboko mahali hapo. Aina yake kali zaidi, inayoua hata Grand Nain na jamaa zake, ilionekana Msumbiji mwaka 2013, kwenye bahari hiihii yetu. Kwa hivyo nakusihi: ukisafiri, usirudi na chipukizi kwenye mkoba, hata kama umependa ndizi ya huko kiasi gani. Udongo ulionata kwenye mzizi mmoja unatosha.

Mnyauko wa bakteria, uliozoeleka zaidi bara, utautambua kwa ndizi zinazoiva ovyo zikiwa changa, ndani kahawia, na ukikata gogo hutoka usaha wa manjano. Panga lililokata mgomba mgonjwa lipitishe motoni kabla halijagusa mwingine. Mwajiriwa anayetoka shamba hadi shamba na panga lake, muombe afanye hivyo mbele yako, kwa heshima.

Kukata na kuvumbika

Ndizi changa ina pembe kali. Pembe zikianza kujaa na kuwa duara, na kile kiua kikavu cha ncha kikidondoka ukikigusa, mkungu umekomaa. Vaa nguo kuukuu, kwa maana utomvu wa mgomba ukikauka nguoni hautoki tena. Iwe kazi ya watu wawili. Mmoja akate gogo nusu tu, kwenye kimo cha kifua, ili mgomba uiname taratibu. Wa pili aupokee mkungu begani kabla haujagusa chini, kisha ndipo shingo ikatwe. Ndizi iliyogonga chini huonekana nzima leo, na wiki ijayo ina doa jeusi.

Gogo liache limesimama kimo cha mita moja kwa wiki chache. Bado linamlisha mwana. Baadaye likatekate na kulipasua likauke, lisiwe nyumba ya fukusi.

Kuvumbika hakuhitaji kemikali. Tenganisha chane, ziache utomvu ukauke, zipange kwenye kikapu au sanduku lililotandikwa majani makavu ya mgomba, weka maembe mawili yaliyoiva au nyanya mbivu katikati, funika kwa gunia. Matunda yaliyoiva hutoa hewa inayoyaamsha mabichi. Kwa joto letu, siku tatu hadi tano. Kabidi inayotumiwa na baadhi ya wauzaji ni sumu, inaweza kuwa na chembe za aseniki, na ndizi yake hung'aa manjano nje huku ndani ngumu na haina harufu. Ukinusa ndizi usisikie chochote, iache.

Jikoni

Ndizi mbichi ukimenya, paka mafuta mikononi na uzitie papo hapo kwenye maji yenye chumvi kidogo zisiwe nyeusi. Kisha uzipike na nyama au samaki wa kukaanga, tui, ndimu na pilipili; kila nyumba ina mkono wake hapo.

Nitakalokueleza kwa kirefu ni ndizi mbivu za nazi, maana hizo ndizo nilizopandia mkono wa tembo, na bila hizo futari kwangu haijakamilika. Kwa watu wanne, ndizi nne zilizoiva mpaka ganda likawa na madoa meusi lakini nyama bado inashikilia. Menya, kata vipande viwili, pasua kila kimoja katikati kwa urefu, na kwa ncha ya kisu toa ule uzi wa kati. Marehemu nyanya alisema ndio unaotia ukakasi, na nimejaribu kuuacha nikamkubali. Chukua nazi mbili uzikune kwenye mbuzi. Kamua tui zito uliweke kando, kisha ongeza maji ukamue tui jepesi.

Panga ndizi kwenye sufuria pana, upande uliopasuliwa juu, safu moja au mbili. Mimina tui jepesi mpaka karibu zifunikwe, tia chumvi kiasi cha ncha ya kijiko, vijiko vitatu vya sukari na iliki tano zilizotwangwa. Moto wa wastani, bila kifuniko, mpaka tui lipungue nusu na ndizi zigeuke rangi ya dhahabu. Usikoroge kwa mwiko, zitapondeka. Shika sufuria kwa masikio uizungushe. Punguza moto uwe mdogo kabisa, mimina tui zito, endelea kuzungusha polepole. Likitokota kwa nguvu litakatika na kubaki mafuta na machicha. Likianza kushika mgongo wa kijiko, epua uache lipoe. Ndizi hizi huzidi utamu zikipoa.

Makumbi ya zile nazi mbili weka karibu na mlango wa nyuma. Yatahitajika kwenye shimo lijalo.